Msinicheke na GPS yangu ya kwenye kioo

Wiki hii msomaji mmoja wa Mafinga kaniandikia: "Kaka, nimeona picha ya gari lako. Hivi bado unatumia hilo li-GPS la kuonyesha njia, la kubandika kwenye kioo? Si simu ina ramani?" Anasema mjomba wake anamuuzia la kwake lililotumika, na hajui achukue au aache. Nilicheka, halafu nikapandwa na hasira kidogo, maana swali hilo nimeshaulizwa na ndugu zangu wenyewe, na jibu wakaliona kwa macho yao kule Matamba.

Tulikuwa tunapeleka mahari. Magari matatu kutoka Mbeya, wazee na makoti yao, mimi na kagari kangu nikawekwa mwisho wa msafara pamoja na kreti za soda. Tuliposimama Uyole kununua maji, shemeji yangu mmoja (simtaji, huwa anasoma hapa) akachungulia kiooni akauliza kama hiyo redio inakamata taarifa ya habari. Wakacheka wote, mpaka mshenga. Nikanyamaza.

Chimala tukaiacha barabara kuu, tukaanza kuzipanda zile kona 57. Aliyewahi kuzipanda hahitaji maelezo. Huko juu ukungu ukashuka na mtandao ukakata. Kwenye njia panda moja gari la mbele likasimama, dereva katoa mkono dirishani kainua simu, ramani imekuwa kijivu na kale kaduara kanazunguka tu. Hapakuwa na bodaboda wala mtu wa kumpa salamu ya kamwene akatuelekeza. Kwangu mshale upo, jina la kijiji kinachofuata lipo, kilomita zilizobaki zipo. Nikawasha hazadi, nikawapita wote, nikaongoza. Tulifika wenyeji ndiyo kwanza wanapanga viti. Shemeji hajasema asante mpaka leo. Sidai, ila sijasahau.

Sasa ndugu yangu wa Mafinga, tuwe wakweli. Simu yako nayo ina GPS, na haikufa siku ile. Setilaiti za GPS zipo zaidi ya kilomita 20,000 juu ya vichwa vyetu, na kifaa kinazisikiliza tu, hakizipelekei chochote, kwa hiyo hakuna bando hapo. Kikizipata nne, kinajua ulipo. Tangu Mei 2000, Wamarekani wenye setilaiti hizo walipoacha kuvuruga makusudi mawimbi wanayopewa raia, kosa limebaki la mita chache. Kilichokufa kwenye simu ni ramani, kwa sababu ilikuwa inavutwa mtandaoni kipande kwa kipande. Changu kimeibeba tumboni. Ukiipakua ramani yote kabla ya safari, simu itakufikisha pia. Ila simu inapigwa katikati ya kona, na ikikaa kwenye jua la kioo inachemka mpaka inajizima.

Tatizo letu ni kutojiandaa. Mtu anakagua tairi, anajaza mafuta, anaombewa, lakini ramani anaifungua akiwa ameshapotea! Kijana unataka kufika mbali maishani na hujui hata leo unapita wapi?

Kifaa nacho kinataka akili. Kikikaa kabatini miezi, usikiwashe huku unaondoka. Kiweke nje penye anga wazi kitulie; kupokea upya orodha nzima ya setilaiti huchukua dakika 12 na nusu. Ndani ya misonobari ya Sao Hill, hapo hapo kwenu, mshale ukiyumba usishangae, miti inaziba anga. Kingine, ingia kwenye mipangilio, kataa barabara za vumbi wakati wa masika. Ukikiachia kitafute njia fupi kutoka Njombe kuja Mbeya, kinaweza kukupandisha Makete na Kitulo badala ya kukushusha Makambako. Kitulo ni pazuri, ndiyo Bustani ya Mungu, lakini siyo saa mbili usiku kwenye utelezi. Kifaa kinajua barabara ipo, hakijui kama inapitika. Hilo muulize dereva wa Fuso la viazi anayeshuka. Na usimbishie trafiki mwenye tochi ya kupima mwendo eti GPS imesoma 50. Nimeona mtu akijaribu, akalipa.

Asubuhi za baridi kile kikombe cha mpira cha kubandikia kifaa hakishiki kioo. Futa kioo kikauke, kilowanishe kikombe kidogo kwa maji ya uvuguvugu, bandika. Ukiegesha mjini, ondoa kifaa na ufute ile alama ya duara inayobaki. Wezi hawahitaji kukiona, wakiona duara wanajua kipo kwenye droo ya dashibodi.

Kuhusu hicho cha mjomba: kabla ya kutoa hela, kichomeke kwenye soketi ya kiberiti cha sigara ya gari lako mwenyewe, kwa waya wake, maana betri za vifaa vikuukuu huwa zimechoka. Angalia kina nafasi ya memori kadi na kama kweli kinaisoma, kisha tafuta Mafinga, Makambako na Tukuyu. Vingi vinavyoletwa kutoka nje vina ramani ya Ulaya tu, na kwetu vinaonyesha mshale unaoelea kwenye uwanja mtupu. Ramani ya Tanzania inapatikana, ila kadi isiposomeka hutakuwa na pa kuiweka. Hapo mrudishie mjomba kifaa chake.