Amplifaya ya jukiboksi kupigia gitaa: nilivyofanya yangu

Mkuu, umeuliza kama hiyo amplifaya ya kampuni ya Seeburg uliyoing'oa kwenye jukiboksi bovu (ile mashine ya kupiga santuri kwa kuingiza sarafu) unaweza kuchomekea gitaa palepale ilipokuwa inaingia waya ya sindano ya santuri. Itapiga, ila hutaipenda. Mimi yangu nilihangaika nayo miezi miwili, nabadilisha valvu (zile taa za kioo zinazokuza sauti) naona hola, kumbe valvu wala hazikuwa na shida.

Niko Grand Rapids, Michigan, mji uleule kampuni ya AMI walikotengenezea jukiboksi zao, kwa hiyo huku ukizunguka minadani mabaki ya haya mashine unakutana nayo. Yangu lakini ni Seeburg, kazi ya Chicago, ya mwanzoni mwa miaka ya 1950, zile zilizokuwa zinabeba nyimbo 100. Nilipata amplifaya tupu bila kabati wala spika kwa dola 60, nzito kweli, mpaka naifikisha kwenye gari nimeshapumzika mara mbili. Na huo uzito ndo mali yenyewe, ni transfoma hizo, halafu mwishoni kuna jozi ya valvu za 6L6, familia ileile ya valvu ambayo Fender walikuwa wanaweka kwenye amplifaya zao kubwa za gitaa.

Sasa nakuomba usiiwashe kwanza. Najua mkono unawasha, ila humo ndani kuna kapasita za karatasi zina miaka sabini. Mimi niliunga balbu ya wati 100, zile za zamani za nyuzi, mfululizo na waya wa umeme, maana kama kuna shoti balbu inawaka kwa nguvu na amplifaya inapona. Balbu ikawaka ikafifia, nikaona salama, nikaitoa nikawasha kawaida. Haikupita dakika mbili pleti (bati la ndani) ya 6L6 moja ikaanza kuwa nyekundu, kwanza doa dogo kama ukucha, halafu likawa linatanuka kama kaa linavyopulizwa, nikachomoa haraka. Kapasita inayopitisha sauti kwenda kwenye hiyo valvu ilikuwa inavuja, pale kwenye gridi (mguu wa valvu unaopokea sauti) ambapo mita ilitakiwa isome sifuri au hasi ikawa inasoma volti 14 chanya. Kwa hiyo za karatasi badilisha zote usichague, na zile kubwa za kuchujia umeme pia. Weka waya wa pini tatu, ethi ifungwe kwenye chesi (bodi ya chuma ya amplifaya) kwa skrubu yake peke yake, na kama kuna kapasita inayotoka kwenye waya wa umeme kwenda chesi kata utupe, maana siku ikipiga shoti nyuzi za gitaa zinakuwa na umeme mikononi mwako na mdomo uko kwenye maikrofoni. Humo kuna volti 350 na zaidi na zinabaki hata ukishachomoa, zimalizie kwa rezista halafu pima kwa mita kila unapotaka kuingiza mkono, kila mara.

Spika. Kwenye picha yako naona waya mbili tu, inaonekana ni ya spika ya sumaku ya kawaida, hapo uko sawa. Wenye mashine za miaka ya 40 kama Wurlitzer 1015 ya 1946 wao spika yao haina sumaku ya kudumu, ina koili inayolishwa umeme na hiyo koili ni sehemu ya pawa saplai, ukiiacha spika umeacha nusu ya kazi. Wewe angalia tu zile skrubu za nyuma, kuna za laini ya volti 70 za spika za ukutani, usifunge spika ya gitaa hapo, tafuta 8 au 16 omu. Na usiiwashe bila spika, transfoma ya sauti ikiungua umepoteza kile ulichonunulia.

Sasa kilichonitesa ni pale mlangoni, yaani pale sauti inapoingilia. Sindano inatoa sauti ndogo sana, gitaa inatoa mara kumi na zaidi. Halafu santuri inachongwa ikiwa imepunguzwa bezi na kuongezwa trebo, kwa hiyo amplifaya kazi yake ni kugeuza, inapandisha bezi inashusha trebo. Gitaa yako hakuna aliyeipunguzia bezi! Ndo maana yangu ilikuwa inasikika kama mtu anaongea chini ya blanketi, nyuzi mbili za chini zinavuma, za juu huzisikii. Nilitoa zile rezista na kapasita zote zinazoizunguka valvu ya kwanza nikajenga upya kwa vitu vichache: jeki, rezista ya mega omu 1 kwenda ardhini (yaani kwenye chesi), ya kilo omu 68 kwenda kwenye gridi, na kitasa cha sauti. Jioni moja tu. Nilivyopiga kodi (chord) ya kwanza nilikaa chini. Ikikataa kutoa sauti kabisa usiogope, ina sehemu ya kujinyamazisha mashine ikiwa inatafuta santuri, ikitolewa kwenye kabati inaweza kubaki imejinyamazisha hivyohivyo, itafute kwenye mchoro uitoe.

Kitu ambacho watu wengi watakwambia ung'oe na mimi nakwambia usiguse ni AVC, sehemu inayorekebisha ukubwa wa sauti yenyewe. Seeburg waliiweka kwa sababu santuri moja ina kelele nyingine iko chini, hiyo inazisawazisha. Kwenye gitaa ukidonoa inaibana sauti kidogo mwanzoni halafu inaiachia polepole, noti inakaa, inakaa, haifi. Kwenye kwaya yetu kuna kijana wa Kikongo anapiga solo, nilimpa ajaribu, alipiga zile noti za haraka za juu na kila moja ikatoka na unene uleule hakuna iliyomezwa, akaniangalia akasema kaka hii usiiuze. Nimeiwekea swichi, kwa sababu ukipiga ridimu nzito inapumua, sauti inazama inapanda inaudhi, hapo zima.

Kabla hujakata waya hata mmoja geuza chesi piga picha ya chini yote, na ile namba iliyogongwa pembeni iandike hapa, tukipata mchoro wake nitakuonyesha rezista ya kuanza nayo.