Majibu ya INR yakiandikwa "juu", ulizeni kwanza ni juu ya nini

Msomaji mmoja wa Chake Chake ameniandikia kwamba mama yake, anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa sababu ya donge la damu mguuni, amepata INR, yaani kipimo cha muda ambao damu huchukua kuganda, ya 2.6, na pembeni mwa namba hiyo pameandikwa "juu". Nyumba nzima imeingiwa na hofu, na kaka yao ameshazificha dawa. Ndugu yangu, mrudishieni mama dawa zake, kisha mpigieni simu daktari wake leo hii.

Karatasi ya maabara humlinganisha mgonjwa na mtu asiyetumia dawa yoyote ya kuzuia damu kuganda, ambaye INR yake huwa karibu na 1. Anayetibiwa donge la mguuni kwa kawaida hutakiwa awe baina ya 2.0 na 3.0, na mwenye vali ya bandia ya mitrali (mojawapo ya milango ya moyo), ile ya chuma, hutakiwa awe baina ya 2.5 na 3.5. Mama yangu yumo katika kundi hili la pili, na ndiyo maana jambo hili linanigusa.

Tulipokuwa Wete tulipeleka damu yake katika kituo kimoja, majibu yakatoka 3.1. Kijana aliyetupokea akaizungushia namba hiyo duara kwa kalamu nyekundu, akamwambia mama kwamba damu yake imekuwa maji na asimeze dawa tena mpaka wiki ijayo. Nikamwonesha daftari la kliniki ya moyo, ambalo daktari ameandika kiwango cha mama kwa mkono wake. Hakulifungua. Aliniuliza tu udaktari nimesomea skuli gani, na watu waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Jioni ile daktari wa Unguja alituambia kwa simu kwamba 3.1 ndiyo hasa anayoitaka, na mama akameza kidonge chake kama kawaida. Sikuificha furaha yangu, lakini kile kicheko bado ninacho moyoni.

Tangu hapo nimejifunza kuangalia hata namna damu inavyochukuliwa. Hutiwa katika kichupa chenye kifuniko cha buluu, ambacho ndani yake mna sitrati inayoizuia damu isigande njiani, kwa kipimo cha sehemu 9 za damu kwa 1 ya sitrati. Kikijazwa nusu, sitrati huzidi, muda wa kuganda hurefuka na INR hupanda kwa uongo. Kwa hiyo mkikiona hakikujaa mpaka kwenye alama, ombeni kwa adabu damu ichukuliwe upya. Maabarani huongezwa kalsiamu na thromboplastini, kitu kinachoianzisha damu kuganda, kisha huhesabiwa sekunde mpaka damu igande. Kwa kuwa thromboplastini hazifanani nguvu, Shirika la Afya Duniani liliweka INR mwaka 1983 ili majibu ya maabara mbalimbali yalingane. Msilinganishe sekunde za Wete na za Unguja, linganisheni INR.

Namba ikibadilika ghafla, angalieni chungu na mfuko wa dawa. Warfarini hufanya kazi kwa kuipinga vitamini K, inayoisaidia damu kuganda, nayo imejaa katika mchicha, matembele na kisamvu. Hakuna haja ya kumnyima mama mboga, ila asile sahani moja kwa wiki kisha Ramadhani ikaja akala kila futari. Metronidazoli, ambayo watu huimeza kwa tumbo kama peremende, huipandisha INR, na daiklofenaki, dawa ya maumivu, huongeza hatari ya kutokwa damu hata namba ikiwa nzuri. Mwambieni muuza dawa kabla hajafungua kabati kwamba mgonjwa yumo katika warfarini.

Na mkiona kinyesi cheusi, fizi zinazovuja damu bila kukoma, au kichwa kilichoanza kuuma kwa nguvu ghafla, mpelekeni hospitali usiku huo huo, na hilo daftari mlichukue.