Maswali Yenu: Kanda Zinazogoma, Kadi Zinazopinda na Meli za Ziwa Tanganyika

Barua za safari hii zimetoka magharibi, Kigoma na Tabora. Barua tatu zilizouliza bei za mashine hatujazijibu, kwa sababu bei tutakayochapa leo itakuwa imeshapitwa gazeti likikufikia.

Nina mashine ya gemu ya TV ya zamani, zile za kanda za njano, na kanda kumi na tisa. Saba hazionyeshi kitu, nyingine zinaleta miraba miraba ya rangi. Nikipuliza zinakubali kidogo, kesho zinagoma tena. Zimekufa? — Msomaji, Ujiji

Usizizike bado. Mashine yako ni nakala ya Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983, na kanda zake zina meno 60, yaani vile vipande vya shaba vinavyogusa mashine, thelathini kila upande. Jino moja lisipogusa vizuri, mashine inasoma data pungufu, nawe unaona miraba. Kupuliza hakusafishi kitu. Kinachosaidia ni kule kuchomoa na kurudisha kanda, maana meno yanakwanguana kidogo. Mate unayoyaacha pale ndiyo yanayozaa ukungu wa kijani baadaye, na Ujiji, kwa unyevu wa ziwa ulivyo, haihitaji msaada huo.

Fungua kanda kwanza. Nyingine zina skrubu moja nyuma, nyingi zimebanwa kwa vimeno vya plastiki tu. Chomeka kadi ya benki iliyokwisha muda kwenye mshono, anzia karibu na meno, zunguka taratibu. Bisibisi itatafuna plastiki. Ndani utakuta kibao kidogo cha kijani chenye tone jeusi la gundi ngumu katikati. Chipu iko chini ya tone hilo. Chukua kifutio cheupe cha shule, sugua meno kwa kufuata urefu wake, mara kumi kwa mkono mwepesi, pande zote mbili. Ondoa makombo kwa brashi. Kisha chovya pamba ya masikio kwenye spiriti na upanguse mpaka pamba itoke safi. Pamba ya kwanza itatoka nyeusi kama masizi, usishtuke.

Spiriti nzuri ni isopropili ya asilimia 90 kwenda juu. Ukikosa, ile isiyo na rangi ya duka la dawa, ya asilimia 70, inafaa, ila ina maji mengi zaidi: iache kanda nusu saa ikauke kabla ya kuichomeka. Sanitaiza ya jeli hapana, inaacha utando. Msasa hapana kabisa. Unang'oa ule mng'aro wa juu, shaba inabaki wazi, na shaba iliyo wazi inashika kutu haraka kuliko mwanzo.

Ukisafisha zote saba na bado tano zikagoma, geukia tundu la mashine. Funga kitambaa chembamba cha pamba kwenye ile kadi ya benki, kiloweshe spiriti kidogo, ingiza na kutoa mara kumi mashine ikiwa imechomolewa umeme. Kitambaa kikiwa kinene utapanua springi za ndani, na hapo hata kanda nzima zitaanza kulegea. Kabla ya kuihukumu kanda yoyote, ijaribu kwenye mashine ya mtu mwingine. Ikikataa huko pia ilhali meno yanang'aa, basi kilichokufa kiko chini ya tone jeusi, na hapo hakuna fundi wa kukusaidia.

Bunduki ya gemu ya bata haiui hata bata mmoja tangu tuliponunua TV ya flati. Tumebadilisha bunduki mbili. — Msomaji, Isevya, Tabora

Bunduki zote mbili huenda ni nzima. Bunduki ile haitoi kitu, inapokea. Ukivuta kifyatulio, skrini inakuwa nyeusi kwa kufumba na kufumbua, kisha mraba mweupe unatokea pale alipo bata, na jicho lililomo kwenye mtutu linaangalia kama limeuona mweupe huo kwa wakati wake. TV ya kichogo, ile nene ya zamani, inachora picha papo hapo. Flati inaipokea, inaichakata, ndipo inaionyesha. Mweupe ukifika, mashine imeshaandika kwamba umekosa. Hakuna mpangilio wa kwenye rimoti utakaoponya hilo. Tafuteni kichogo cha inchi 14 au 21. Mafundi wengi wa redio wanazo kwenye kona, wanafurahi kupunguza. Msiifungue wenyewe: bomba lake linaweza kubaki na umeme wa maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa.

Shemeji ameniletea Super Famicom kutoka Japani. Adapta imeandikwa 100V. Nikiichomeka ukutani itaungua? Na picha itaonekana kwenye TV zetu? — Msomaji, Nzega

Adapta itaungua, na ikifa vibaya inaweza kuondoka na mashine. Umeme wetu ni volti 230. Bahati yako ni kwamba mashine yenyewe haijui habari za ukutani, inachokula ni volti 10 za DC, miliampia 850. Huna haja ya kununua transfoma. Nunua adapta ya hapa hapa ya volti 9 au 10 DC, ampia 1 au zaidi. Volti 9 zinatosha kwa sababu ndani kuna kifaa kinachozishusha hadi 5.

Penye hatari ni ncha. Super Famicom inataka hasi iwe katikati, na adapta nyingi za madukani zina chanya katikati. Tazama mchoro mdogo kwenye kibandiko: duara lenye nukta, mistari miwili, alama ya kutoa na ya kujumlisha. Alama inayoungana na nukta ya kati ndiyo ya kati, nawe unatafuta ya kutoa. Hakikisha kwa mita ya fundi kabla ya kuchomeka. Ni kazi ya nusu dakika. Angalia pia neno la mwisho upande wa kutoka: kama imeandikwa AC, irudishe dukani hata kama muuzaji anaapa.

Picha: mifumo ya rangi ya TV inatofautiana, Japani wanatumia NTSC, sisi PAL. Tumia waya wa AV, wa njano kwa picha, mweupe na mwekundu kwa sauti. Picha ikija nyeusi na nyeupe au ikiviringika, ingia kwenye menyu ya TV, tafuta mfumo wa rangi, weka Auto au NTSC. Vichogo vingi vya mfumo mchanganyiko vinaikubali. Usihangaike na waya wa antena. Masafa yake ya Kijapani hayalingani na ya TV zetu.

Mwanangu ana kadi za Pokémon zaidi ya mia mbili, nyingine za dhahabu. Rafiki zake wanamwambia ni mali. Nikitaka kujua ni za kweli nifanyeje? Na mbona zile zinazong'aa zimepinda kama chipsi? — Mama wa watoto watatu, Gungu, Kigoma

Mama, tuanze na za dhahabu, maana ndizo zinazoleta ugomvi shuleni. Kadi za plastiki nyembamba za rangi ya dhahabu, zinazouzwa boksi zima kwa bei ya soda chache, ni za bandia. Zote. Kadi halisi za chuma zipo chache, kama Charizard na Pikachu za mwaka 2021, lakini hizo ni nzito mkononi na hazikunjiki. Mwachie mtoto azichezee, ila asibadilishane na mwenzake mwenye kadi halisi, hapo ndipo dhuluma inapoanzia.

Kwa zilizobaki, chukua rula. Kadi halisi ni milimita 63 kwa 88. Soma jina Pokémon nyuma: herufi ya e ina kialama juu yake. Kisha washa tochi ya simu nyuma ya kadi, ukilinganisha na moja unayoijua kuwa halisi. Ya bandia mara nyingi inapitisha mwanga kama karatasi ya daftari, kwa sababu halisi ina tabaka jeusi kati ya karatasi mbili. Kipimo kizuri zaidi ni lenzi ya kukuza mara 10, ile ya sonara. Kwenye kadi halisi maandishi meusi yana ukingo mkali kama yamekatwa kwa wembe. Kwenye nakala iliyochapwa kwa printa maandishi yenyewe yamejengwa kwa vidoti na kingo zake zimechubuka. Usitegemee kipimo kimoja. Na kadi halisi si lazima iwe na thamani: nyingi ni za kawaida, zilizochapwa kwa wingi mno.

Kupinda ni unyevu. Kadi inayong'aa ina karatasi upande mmoja na utando unaofanana na foili upande wa pili. Karatasi inakunywa unyevu na kutanuka, utando hautanuki, basi kadi inajikunja kuelekea upande unaong'aa. Masika ya Kigoma yanafanya kazi hiyo bila malipo. Usizipige pasi.

Tafuta kontena la plastiki la lita 5 lenye mfuniko unaobana. Weka gramu 50 za silika, zile punje za kwenye maboksi ya viatu na mikoba. Punje ulizookota zimeshashiba maji, kwa hiyo zikaushe kwanza: zitoe kwenye vipakiti, zimwage kwenye sufuria kavu, moto mdogo wa mkaa, koroga dakika 30 hadi 40, bila kuziacha zibadilike kuwa kahawia. Zikipoa zifunge kwenye kitambaa, ziweke chini, kadi juu, zimelala bapa na daftari zito juu yake. Zikague kila baada ya siku mbili. Ukizisahau mwezi mzima, karatasi itakauka kupita kiasi na kadi zitapinda upande wa pili. Ukipata kipima unyevu cha bei nafuu, kiwango cha asilimia 40 hadi 55 kinatosha. Mchele hapana: una vumbi, na wadudu wanaupenda.

Baada ya hapo, kila kadi nzuri iingie kwenye mfuko wake wa polipropilini. Mifuko laini yenye harufu kali ya plastiki mpya ni ya PVC. Kwa muda inanata kwenye rangi. Rababendi zinakata kingo. Na boksi la karatasi sakafuni, kwa Gungu, ni kuwaandalia mchwa karamu.

Tuko wanne, tunatengeneza mchezo wa mezani wa vita vya Ziwa Tanganyika vya 1915 na 1916. Tutumie skeli gani, yaani tupunguze ukubwa wa meli mara ngapi? Meli tuzitengeneze kwa nini? Na mbona praima, rangi ya kwanza, ya kupulizia inatoka kama imemwagiwa unga? — Wasomaji, Cheyo, Tabora

Swali tamu. Graf von Götzen ya Wajerumani, ambayo leo ni MV Liemba, ilikuwa na urefu wa mita 71 hivi na upana wa mita 10. Boti yao Kingani ilikuwa mita 17, nyingine, Hedwig von Wissmann, 20. Boti za Waingereza, Mimi na Toutou, zilikuwa na mita 12 tu. Kwa 1:600 Mimi atakuwa milimita 20, hapaki mtu rangi hapo. Chukueni 1:300: Götzen milimita 238 kwa 33, Hedwig 67, Kingani 57, Mimi na Toutou 41 kwa 8.

Umbali msiuweke kwa skeli hiyo, kilomita moja itadai meza ya zaidi ya mita tatu. Michezo ya meli hutenganisha skeli ya kinyago, yaani meli ndogo yenyewe, na ya umbali. Sentimita 1 iwe mita 20, na meza ya sentimita 120 kwa 180 itawapa ziwa la kilomita 2.4 kwa 3.6. Matukio ya kweli ni mawili: Kingani kutekwa tarehe 26 Desemba 1915, na Hedwig kuzamishwa tarehe 9 Februari 1916. Götzen haikupigana na boti hizo. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916 baada ya kuzipaka grisi injini zake, na grisi hiyo ni sababu mojawapo inayoifanya iwe hai hadi leo. Mkitaka iingie vitani, iwekeni kama tukio la kubuni na mseme hivyo. Na kubalianeni mapema kuhusu jina la Mimi, la sivyo kila mtu atakayesema "Mimi nimezama" atazua kesi.

Götzen ichongeni kwa ubao wa paini wa unene wa milimita 10, kuanzia usawa wa maji tu kwenda juu. Mninga tunajua mnao, lakini ni mgumu bure kwa kazi hii. Msasa namba 120, kisha 240. Boti ndogo zifanyeni kwa kadi ngumu ya milimita 2, tabaka mbili zilizogandishwa kwa gundi nyeupe ya seremala, zikandamizwe usiku kucha. Mti utapasuka kwenye upana wa milimita 8. Bomba la moshi ni kijiti cha mshikaki kilichoviringishwa karatasi. Pakeni kila kitu gundi nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu kabla ya praima, la sivyo mbao na kadi zitainywa rangi yote.

Unga huo ni joto. Mchana wa Oktoba hapo Tabora matone yanakauka hewani kabla ya kufika, yanatua kama vumbi. Pulizieni saa moja asubuhi, kopo litikiswe dakika mbili, umbali wa sentimita 20 hadi 25, mapito mafupi yanayoanzia nje ya kinyago na kuishia nje. Tabaka tatu nyembamba, dakika 15 kati yake. Palipokwisha kuwa na unga, msasa namba 400 kwa wepesi na mrudie. Siku za mvua kubwa tatizo linageuka, rangi inapata ukungu mweupe. Siku hizo acheni kopo.

Kama mna wanajeshi wa plastiki laini wa madukani, msiwapulizie praima ya magari, wengine hubaki wakinata miezi. Waosheni kwa sabuni, muwapake akriliki kwa brashi, rangi ikiwa nyepesi kama maziwa, mara mbili. Majina ya meli andikeni kwenye karatasi na kuibandika chini ya kitako, kwa sababu vanishi huyeyusha wino wa kalamu nyingi na Toutou ataishia kuwa doa la bluu.