Tri-ang inanguruma lakini haiendi: tenganisha mota na chasisi kwanza

Mkuu, usinunue mota nyingine bado. Umesema Jinty ya Tri-ang (kichwa cha treni ya kuchezea ya umeme, ya Uingereza) uliyoachiwa na mzee inanguruma, inachemka, haisogei, na ukiisukuma kwa mkono magurudumu yanaburuzika tu. Hilo la kusukuma lisikutishe. Mota yake, aina ya X04, inaendesha ekseli kwa gia ya msokoto: mota huzungusha gurudumu, ila gurudumu haliwezi kuzungusha mota. Hata kichwa kizima kabisa ukikisukuma kitaburuzika.

Legeza skrubu ya mota, itoe, kisha sukuma chasisi peke yake mezani. Ikikwama, mota unaionea. Mara nyingi ni grisi ya zamani iliyoganda kama gundi kwenye ekseli, au vile vyuma vinavyounganisha magurudumu vimepinda. Grisi isafishe kwa spiriti, mbali na rangi ya bodi.

Ikiteleza vizuri, rudi kwenye mota. Kuna springi moja inayobana kaboni mbili zinazopeleka umeme kwenye komyuteta (kile kiduara cha shaba chenye vipande vitatu kwenye shafti). Mguu mmoja wa springi hiyo lazima uvae kimpira cha kuzuia umeme. Kikidondoka (na hudondoka sana kwa hizi zilizopita mikononi mwa wengi) umeme unakatiza kwenye springi yenyewe, shoti. Ganda la waya mwembamba linatosha kuwa mbadala. Komyuteta isugue kwa kijiti cha pamba, halafu zile nafasi tatu kati ya vipande vyake zikwangue kwa njiti ya meno, maana vumbi la kaboni hujaa humo. Ukiwa na mita ya umeme, pima ukinzani kati ya kipande na kipande. Vipimo vyote vitatu vinatakiwa vilingane. Kimoja kikiachana sana na vingine, amecha (sehemu ya mota inayozunguka, yenye waya uliosukwa) imeungua au waya umekatika.

Amecha yenyewe usiichomoe bila sababu, kwani sumaku za enzi hizo hupoteza nguvu ukiitoa. Na sumaku iliyochoka ni laghai: mota ikiwa huru inakimbia ajabu, ukiipa mzigo inachemka na kukata pumzi. Dawa yake ni kuitia usumaku upya, na huku Uingereza wapo mafundi wenye mashine hizo.

Wakati wa kufunga, gia zisibanane. Zikipiga kelele, weka kikaratasi kati ya mota na chasisi. Oili tone dogo kila upande wa shafti, isiguse komyuteta. Kaboni na springi za X04 bado zinatengenezwa mpya.