Waanze na stata, breki zisubiri

Mhariri, katika swali lenu la wiki mmetuuliza kama ni sahihi kwa vijana wa sekondari kuanzisha biashara ndogo ya kukarabati vipuri vya magari. Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Morogoro, huu ni mwaka wa ishirini na mbili, na tangu mwaka jana mpwa wangu na rafiki yake, wote wenye miaka 17, wanafanya biashara hiyo hiyo nyuma ya nyumba ya dada yangu. Jibu langu ni ndiyo, ila kabla ya kuuliza kijana ana miaka mingapi ningependa tuulize ameshika kipuri gani.

Kuna vipuri ambavyo vikiharibika gari hugoma kuwaka likiwa limeegeshwa uani, mwenyewe akalaani kidogo, akapanda bodaboda na siku ikaendelea. Kuna vingine ambavyo huharibika gari likiwa limejaa abiria kwenye mteremko wa Kitonga. Stata, yaani mota ndogo ya umeme inayozungusha injini hadi iwake, iko katika kundi la kwanza. Breki na viungo vya usukani viko katika kundi la pili, na hivyo kijana asivikarabati kwa jina lake mwenyewe hata kama mkono wake ni mwepesi kuliko wangu. Kupasua betri kuukuu nako nimewakataza kabisa, kwa sababu ya tindikali na zaidi kwa sababu ya madini ya risasi yaliyomo, sumu inayoingia mwilini polepole na isiyo na haraka ya kutoka.

Stata, kinyume chake, ni mwalimu mzuri. Gari nyingi za Kijapani tunazoendesha hapa zikizeeka huwa na ugonjwa mmoja: unazungusha ufunguo, unasikia "tak", halafu kimya, ingawa betri ni nzima. Mara nyingi kilichokufa ni vipande viwili vidogo vya shaba ndani ya solenoidi (swichi ya sumaku inayoruhusu umeme uingie kwenye stata), vilivyoliwa na cheche hadi vikabaki vyembamba upande mmoja, au kaboni, vile vijiti vinavyopitisha umeme kwenye sehemu inayozunguka, zilizosagika hadi hazigusi tena. Vijana hufungua, husafisha, hubadilisha vipande hivyo, hupitisha msasa laini pale kaboni zinaposugulia, hutia grisi kidogo kwenye bushi na kufunga. Kisha stata hubanwa kwenye jiliwa na kujaribiwa kwa betri kabla mwenye gari hajaitwa. Isipobanwa, ukiigusisha umeme huruka mezani kama jogoo aliyechinjwa, na mpwa wangu ana kovu kwenye kidole gumba linalothibitisha hilo. Walikuwa pia wakioshea vipuri kwa petroli, kama walivyoona gereji nyingine zikifanya, hatua mbili tu kutoka kwenye meza inayotoa cheche. Siku nilipowakuta nilimwaga dumu lote mbele yao, kitendo ambacho sasa naona hakikuwa cha busara sana, lakini tangu hapo wanatumia mafuta ya taa, tena mbali na meza.

Wapo watakaosema kijana akae kwanza gerejini kama saidia fundi. Nilikaa huko miaka minne. Nilifua ovaroli za bosi, nilitumwa chai, nililala chini ya malori, na jioni nilipewa hela ya nauli kwa maelezo kwamba ujuzi ndio malipo. Mtoto mwenye meza yake hujifunza jambo ambalo mimi nililijua nikiwa na miaka thelathini, yaani kupanga bei na kuitetea. Hapo ndipo vijana hawa walipoumia zaidi. Wateja watu wazima, wenye magari mazuri, walikuwa wakikubaliana nao bei, stata ikishawaka wanatoa nusu na kusema, "Hii inawatosha, wanangu, mkanywe soda." Dada yangu aliwaandikia bei kwa kalamu nene ubaoni na kuning'iniza ubao huo mlangoni, na sasa stata haitoki mezani kabla fedha haijakamilika. Wateja wawili wamenuna hadi leo.

Sheria nayo isisahaulike. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14 na inakataza kazi hatarishi. Aliye chini ya miaka 18 hana pia uwezo wa kisheria wa kuingia mkataba, hivyo pango la fremu na makubaliano ya kununua spea kwa mkopo lazima yabebwe na mtu mzima. Mikopo ya vijana inayotolewa na halmashauri nayo huanzia miaka 18. Kwetu aliyebeba mzigo huo ni dada, na ndiyo maana ndiye anayeshika daftari.

Daftari hilo ndilo lililotuokoa mwezi wa tatu, stata ya dereva mmoja wa teksi iliporudi siku ya nne ikiwa imekufa. Walikuwa wameweka kaboni zisizo za saizi yake, wakazipunguza kwa tupa ili zitoshee, zikakwama. Rafiki wa mpwa wangu alitaka kusema betri ya mteja ndiyo mbovu. Dada alifungua ukurasa, akasoma tarehe na walichobadilisha, akawataka wamwambie dereva yule ukweli wenyewe, naye hakuwaficha kwamba alipoteza asubuhi nzima ya kazi. Walimtengenezea upya bila malipo. Mwezi uliofuata alileta altaneta yake, kifaa kinachochaji betri injini ikiwaka, na walipoifunga, yeye mwenyewe alitaka kusomewa mita injini ikiwa inawaka. Mita ilisimama kwenye volti 14, yaani inachaji vizuri, akalipa yote bila kupunguza.

Novemba wanafanya mtihani wa kidato cha nne, kwa hiyo meza imefungwa kuanzia Septemba kwa amri ya mama. Chini yake zipo stata tatu zenye karatasi za majina, ambazo nilijitolea kuzimaliza mimi. Wenye stata hizo wamenijibu, kwa heshima zote, kwamba watasubiri vijana.