Romeo na Juliet: majaliwa au tabia zao?

Ndugu, umeuliza insha yako imlaumu nani kwa vifo vya Romeo na Juliet katika tamthilia ya Shakespeare: majaliwa au wao wenyewe. Mimi ningeanzia pale Tybalt, binamu yake Juliet, anapomuua Mercutio, rafiki yake Romeo. Hadi hapo Romeo amekataa kupigana. Ndoa yake na Juliet ina saa chache tu. Kisha hasira zinampanda, anamuua Tybalt, anafukuzwa Verona. Hakuna nyota iliyomshika mkono. Onyesha kwamba pupa ileile iliyomfanya aoe upesi ndiyo inayomfanya aue upesi, na baadaye anywe sumu dakika chache kabla Juliet hajazinduka.

Juliet usimtie kapu moja naye. Huyu hufikiri kwanza, ila amebanwa: baba anatishia kumfukuza, kisha anaiwahisha kwa siku moja harusi yake na Paris, mchumba aliyemchagulia, na binti inambidi anywe usiku uleule dawa ya kumlaza kama maiti.

Padri Laurence, kwa maoni yangu, husamehewa mno. Anahubiri subira huku akifungisha ndoa ya siri, na mwishoni anatoroka kaburini akimwacha msichana peke yake.

Barua ya Padri ya kumweleza Romeo kwamba Juliet amelala tu, iliyokwama kwa sababu ya tauni, ni bahati mbaya kweli. Ipe aya yake, usiikwepe.