Maswali ya Wasomaji: Kupanga Nyumba Mombasa

Wasomaji kadhaa wa bara wanaohamia Mombasa wametuandikia. Tumejibu maswali matano yanayojirudia zaidi.

Nimepata kazi kisiwani, karibu na barabara ya Moi. Jamaa wananishauri nipange Mtwapa, kodi ni nafuu. Niwasikize? (Msomaji, Nakuru)

Piga hesabu kwanza. Tuseme nyumba ya Mtwapa ni shilingi 12,000 na nauli yako ya kwenda na kurudi ni 200 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi hiyo ni 5,200, kwa hiyo nyumba yako kwa kweli ni ya 17,200. Linganisha na kodi za Tudor au Ganjoni, ambako ofisini unaweza kwenda kwa tuktuk au hata kwa miguu.

Halafu kuna maji ya kuvuka. Kaskazini, iliko Mtwapa, unatoka kisiwani kwa Daraja la Nyali, magharibi kwa barabara ya Makupa, kusini kwa feri ya Likoni. Asubuhi umma mzima unaingia, jioni umma mzima unatoka. Anayevuka Likoni kwa miguu halipi feri, ila feri moja ikiharibika atasimama sana kwenye foleni. Ushauri wetu: panga upande ule ule wa maji ulio na kazi yako, hata kama chumba kitakuwa kidogo.

Mwenye nyumba wa Bamburi ananiambia maji yapo saa ishirini na nne. Nimefungua mfereji, kweli yanatoka. Kuna la kuuliza zaidi? (Mama wa watoto wawili, Thika)

Lipo, dada, na kwa mji huu ndilo kubwa kuliko yote: ni maji gani?

Maji matamu ya Mombasa hutoka mbali: Chemchemi za Mzima huko Tsavo, kiasi cha kilomita 220 kwa bomba, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, na Marere katika Milima ya Shimba. Ya Mzima huteremka yenyewe, lakini ya Baricho husukumwa kwa pampu, na umeme ukikatika huko mifereji hukauka huku. Ndiyo sababu ya mgao, na ndiyo sababu nyumba nyingi zimechimba visima. Maji yasiyokatika aghalabu ni ya kisima, na ya kisima aghalabu yana chumvi.

Nenda na kipande cha sabuni ya mche. Nawa mikono: maji ya chumvi na chokaa hayatoi povu, sabuni hukatikakatika na kuacha utando. Onja kwa ncha ya ulimi, uteme. Kisha ingia bafuni uitazame shawa kwa karibu. Ukiona vitundu vimezibwa na ganda jeupe, na koki ina madoa ya kijani shingoni, umeshapata jibu lako. Kama shawa ni ya umeme, hakikisha ni ile iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi. Ya kawaida huungua mapema, na inaweza kukupiga shoti, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi.

Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi chumvi. Na chemsha kweli kweli: huku kisima na shimo la choo huchimbwa katika mwamba ule ule wa matumbawe, nao umejaa matundu.

Mbali na hayo, uliza maji matamu huja siku gani na tangi ni la lita ngapi. Watu wanne wakitumia lita 40 kila mmoja kwa siku ni lita 160, yaani mitungi 8 ya lita 20. Tangi la lita 1,000 litawafikisha siku sita. Kama tangi hilo ni la familia sita, ni la siku moja, na siku zinazobaki utanunua maji ya mkokoteni. Kauli ya mwenye nyumba isikutoshe. Muulize mpangaji wa jirani, tena wakati keateka, yaani msimamizi wa nyumba, hayupo.

Nitajuaje nyumba itakuwa na joto kabla sijahamia? (Msomaji, Eldoret)

Nenda kuiona saa tisa alasiri, si asubuhi. Weka kiganja ukutani upande wa magharibi. Ukuta uliopigwa na jua la alasiri hutoa joto lake usiku, wewe umelala. Orofa ya juu kabisa chini ya zege bapa ni vivyo hivyo.

Angalia pia upepo. Kaskazi huvuma kiasi cha Desemba hadi Machi kutoka kaskazini-mashariki, na hapo ndipo joto huwa kali zaidi. Kusi huja kuanzia Aprili, ukiwa na ubaridi na mvua za masika. Chumba chenye madirisha pande mbili zinazokabiliana hupitisha hewa. Chenye dirisha moja, hata likitazama bahari, hewa husimama. Dirisha la upande wa kusini, unakotoka kusi, likaguliwe chini yake: rangi iliyovimba au kubanduka ni dalili kwamba mvua inaingia. Mwezi wa Mei ndio mzuri wa kutafuta nyumba, kwa kuwa uvujaji unauona kwa macho, na wageni wakiwa wachache bei hulegea.

Nimeona nyumba ya fanicha Nyali, bei nzuri sana. Dalali anataka dipoziti leo. (Msomaji, Nairobi)

Usitume. Nyumba za kukodishwa kwa siku zimerahisisha utapeli mmoja: mtu hulipa siku mbili, hushika funguo, huwaonyesha watu kama mwenyewe, hukusanya dipoziti na kutoweka. Zungumza na askari wa langoni na jirani. M-Pesa hukuonyesha jina kabla ya kutuma. Lifanane na la kitambulisho na la mkataba.

Mkataba utaje miezi 12, notisi ya pande zote mbili, na siku ya kurudishiwa dipoziti. Bila hayo, Desemba ikikaribia unaweza kuambiwa uhame ili watalii waingie. Nambari ya mita ya umeme nayo iulizie deni kabla ya kusaini, maana la aliyekutangulia huweza kukatwa kwenye tokeni zako.

Chumba katika nyumba ya Kiswahili, Kisauni, 2,400. Kinafaa? (Msomaji, Voi)

Kinaweza kukufaa. Vyumba hutazamana kwenye ukumbi, choo na bafu viko uani. Hesabu milango: vyumba sita kwa choo kimoja ni foleni kila alfajiri. Kodi isiyozidi 2,500 iko chini ya Sura ya 296, yaani sheria ya Kenya ya kudhibiti kodi za nyumba, na mwenye nyumba hawezi kukutoa bila amri ya baraza la kesi za kodi za nyumba. Lakini muulize kama kiwanja ni chake. Mombasa nyumba huweza kuwa ya mtu mmoja na ardhi ya mwingine, na ugomvi wao ukizuka, mpangaji hufikiwa na habari wa mwisho.